Tulioondoka Wawili

Malmo, Uswidi
Jumapili

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumanne, nikaisoma nimesimama mlangoni, koti sijavua. Mie ni mzima, ila kifua kinanisumbua kwa baridi. Nyie hapo Chang'ombe hamjambo? Mguu wa Baba umepungua uvimbe? Wanao wamepona surua? Nimefurahi kusikia kwamba Baba, tangu kiwanda chao kiuzwe na wafanyakazi wapunguzwe, amepata pa kukaa na wenzake barazani pale msikitini. Mtu mzima akishinda ndani tu anaugua.

Sasa dada, tafuta pa kukaa, usome peke yako kwanza.

Umenieleza mazishi ya Mama Gaudensi yalivyokuwa. Umesema mlimsubiri mwanawe siku mbili, kisha ikaja telegramu kutoka huku: "Poleni. Kazi imenibana. Zikeni. Gaudensi." Baba yake mdogo, yule aliyetoka Songea, akaisoma mbele ya waombolezaji, akaikunja, akasema kuanzia siku ile marehemu hakuwa na mtoto. Ukaongeza kwamba Baba anamshukuru Mungu mie sikuharibika kama mwenzangu.

Telegramu ile niliiandika mie.

Unakumbuka tulivyoondoka. Dar nzima tulichaguliwa wawili kuja kusoma miaka miwili katika shule hii ya sekondari ya kimataifa, yeye kutoka Kinondoni, mie kutoka Temeke. Pale uwanja wa ndege Mama Gaudensi alinishika mkono. Mwalimu wa watu, mjane, mtoto wake ndiye huyo mmoja. Akaniambia, "Zainabu, nyie ni ndugu sasa. Akikosea umkanye, akiugua uniandikie." Nikasema, "Ndiyo, mama."

Shuleni Gaudensi alikuwa wa kwanza kwa hesabu. Watoto wa mataifa yote walikuwa wanamfuata chumbani awaelekeze. Tulipomaliza, wenzetu walitawanyika, mmoja chuo hiki, mwingine kile. Ufadhili wetu sie uliishia pale pale. Nawaandikieni kila mara kwamba niko hospitali. Dada, hospitali sijaingia ila nilipougua kifua. Nafanya kazi mahali wanapofua mashuka ya hospitali. Gaudensi alikuwa anapakia mashine, mie nakunja.

Kila mwaka shule hutoa kijitabu cha kueleza waliohitimu wako wapi sasa. Wakatuletea fomu. Gaudensi akajaza yake na yangu. Yeye akajiandika mhandisi katika kiwanda cha pampu, mie akaniandika msaidizi wa daktari. Nikamwambia, "Huu uongo." Akasema, "Unataka mama yangu asome nini, kwamba nafua?" Nikaiacha fomu yangu ipelekwe, kwa sababu na mie sikutaka Baba asome. Kijitabu hicho ndicho Baba anachowaonyesha wazee wenzake. Ndicho Mama Gaudensi alichokifunika kwa nailoni na kukipeleka shuleni kwake kuwaonyesha wanafunzi.

Mwaka juzi shule ikatuita. Walitaka waliohitimu waje wazungumze na wanafunzi wapya, na mhandisi Gaudensi awe msemaji. Aliazima suti. Tulipokaribia mlango wa ukumbi akanigeukia akasema, "Usikae karibu na mie. Mikono yako inanuka dawa ya kufulia." Dada, mikono yake ilinuka vile vile. Nikaenda kukaa nyuma.

Akazungumza vizuri, alikuwaga na sauti ya kuhubiri. Alipomaliza akasimama mwenzetu mmoja tuliyesoma naye, Mpolandi anaitwa Tomasi. Akauliza kwa upole tu, "Kiwanda chako ni kile cha pampu cha bandarini? Mimi niko pale mwaka wa pili. Uko idara gani?"

Gaudensi akataja idara. Tomasi akasema idara hiyo haipo.

Watoto wakaanza kucheka. Gaudensi akanitafuta kwa macho mpaka akaniona kule nyuma. Akasema, "Mwulizeni Zainabu, tunaishi mji mmoja."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Mbele yangu alikuwa amekaa mwalimu aliyeahidi kunitilia sahihi barua ya kuongezewa kibali cha kuishi. Niliona ningeweza kusema ndiyo, ni mhandisi. Au ningesema sijui. Nikasema, "Anafua mashuka, kama mie. Na kibali chake kimekwisha."

Habari ya kibali hakuna aliyeniuliza, dada. Niliiongeza mwenyewe. Nilitaka na yeye anuke.

Wiki ya tatu watu wa uhamiaji wakaja kazini. Gaudensi hakubishana nao. Alizima mashine kwanza, akavua glavu, akaziweka juu ya meza yangu, akasema, "Haya, Zainabu." Wakamrudisha Dar. Barua yangu ikatiwa sahihi, kibali nikapata.

Kwa hiyo Gaudensi hayuko Uswidi. Yuko Bunju, hapo hapo Dar. Aliniandikia alipofika: "Nagonga kokoto huku Bunju. Nitakwenda kwa mama nikiwa na pa kuanzia maneno. Usimwambie mtu." Sikumwambia mtu. Mama yake alipokuwa anakuja hapo nyumbani kuwauliza mbona mwanawe haandiki, nanyi mkiniuliza mie, nilikuwa najibu kwamba hajambo, ana kazi nyingi. Mwaka mzima na ushee, dada. Yule mama amekaa Kinondoni anaomba Mungu amrudishe mwanawe salama kutoka Ulaya, na mwanawe yuko barabara ile ile ya Bagamoyo.

Ulipotuma telegramu, "Mwambie Gaudensi mama yake amefariki," nilikwenda posta nimeshika kalamu. Ningeandika, Gaudensi yuko Bunju, mfuateni. Lakini wangemuuliza amerudi lini, kwa nini, nani alimsema. Angenitaja. Baba angesikia. Nikaandika yale mliyoyasomewa.

Niliamini hatasikia msiba mpaka mazishi yapite. Kumbe alisikia. Barua yake imenifikia Ijumaa. Nakunakilia kama ilivyo, nisije nikaipunguza:

"Zainabu, tulikuwa tunagonga mawe, mwenzetu ana redio. Wakasoma matangazo ya vifo. Likasomwa jina la mama, na kwamba habari ziwafikie ndugu wote wa Songea na mwanawe Gaudensi aliyeko Uswidi. Nikaoga, nikaazima shati, nikaenda. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje ya ua. Nikasimama nyuma kabisa, hakuna aliyenitambua, nimekonda na ndevu zimejaa. Nilishavua kofia ili nipite mbele. Baba mdogo akasimama akasoma telegramu yenye jina langu. Watu wakaguna. Mama mmoja karibu yangu akasema, 'Mtoto gani huyu, laana tupu.' Ningesema nini? Kwamba mie ndiye, nimetokea Bunju? Wangesema mwendawazimu. Jeneza likatolewa, nikaona wajukuu wa jirani wameshika picha yake. Nikavaa kofia nikarudi kazini. Hata udongo sikumtupia. Najua ni wewe, maana hakuna mwingine. Usinijibu."

Basi, dada, nakutuma kitu kigumu. Baba mdogo umesema atakaa mpaka arobaini. Barua hii ikiwahi, mpelekee. Usimsimulie kwa maneno yako, maana utanitetea, nakujua. Msomee yote, na lile neno la kibali pia. Mwambie mtoto wa marehemu yupo, na alikuja kumzika mama yake. Kisha mpeni nauli ya kwenda Bunju kama hana, aulize kwenye machimbo ya kokoto, atampata.

Na Baba mwambie kweli. Mwambie kile kijitabu akiache nyumbani, mwanawe anakunja mashuka. Akikasirika mwache akasirike. Akisema nisirudi kwake, nitasikia. Mie nimemsababishia mwenzangu akataliwe hivyo hivyo mbele ya maiti ya mama yake.

Utaniuliza kwa nini nasema leo. Barua yako ilipofika, pale uliposema Baba anashukuru sikuharibika, nilifurahi. Nilifurahi kabisa, dada, nikatabasamu peke yangu mlangoni. Ndipo nikajiogopa.

Nipelekee shikamoo kwa Baba, kama ataipokea. Msalimie shemeji, na wanao uwabusu. Bi mkubwa wa nyumba ya pili, aliyenifundisha Kurani, msalimie na umwombe aniombee dua, usimwambie ya nini. Walimu wenzake marehemu wa kule Kinondoni wape pole zangu, wakizikubali.

Kwa Gaudensi sitoi salamu. Akionekana, mpisheni akae karibu na kaburi.

Ni mie mdogo wako,
Zainabu