Siku Tuliyompeleka Baba Mtoni

Chake Chake, Pemba
Julai 1959

Kaka yangu Bakar,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Unguja, na kifua hakikusumbui kwa baridi hii. Sisi ni wazima wa mwili, alhamdulillahi, na Mama hakusahau katika dua zake. Lakini moyo wangu hautulii, kaka, ndiyo maana naandika.

Juzi Baba alimwomba Ami Mbarouk atupeleke Kiuyu kwa gari yake, huko Baba alikokulia. Mama alicheka, akauliza tangu lini mtu wa mikarafuu akataka matembezi. Baba akamjibu kwamba kipupwe ndio wakati wake, jua halichomi na njia haina tope. Mama akabaki, mimi nikaenda.

Wallahi njia ilipendeza. Gari ikipanda kilima ikishuka bonde, upepo wa baridi unatuingilia madirishani, na mpunga umeshavunwa, ndege yangeyange wametanda weupe juu ya mabua. Nikamwonesha Baba. Akasema, "Mashaallah, wengi," lakini uso kaugeuzia upande wa pili. Nikadhani anafanya mzaha.

Tulipofika mto wa Kiuyu, Ami alisimamisha gari apoze injini. Maji ya masika hayajaisha, yanakwenda mbio chini ya migomba, na ndege mdiria mmoja wa buluu anayapigia mbizi. Baba akashuka, akaelekea ukingoni kama mtu aendaye msikitini, wala hakupunguza mwendo. Nilipiga ukelele nikamkamata kanzu, mguu mmoja umeshaingia majini. Ami alikuwa kainamia injini, hakuona kitu.

Baba alikaa majanini. Akaniomba nimweleze mto ulivyo. Nikamweleza maji, na ukingo, na hata ninga waliokuwa wakila matunda juu ya mkuyu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Siti mwanangu, nilitaka niuone kabla macho hayajanizimikia. Nimechelewa."

Kaka, Baba haoni. Jicho la kushoto limekufa tangu Ramadhani, la kulia linamwonesha vivuli tu. Ameniapisha nisimwambie Mama. Na karafuu ndizo hizo zinaanza kuiva, naye ameshasuka kamba mpya ya kupandia. Nilimsihi asipande, akanambia mikono yake inaujua kila mkarafuu. Sikulala kwa kumwona mawazoni akianguka mtini.

Leo asubuhi nimemkuta barazani peke yake, kamba iko mapajani. Akaniambia nikuandikie uje uchume wewe mwaka huu. "Mwambie nimechoka tu," akasema, akageuza uso.

Basi omba ruhusa kazini uje upesi. Ukifika, usimwoneshe kuwa unajua. Mwache akwambie mwenyewe.

Wifi Mwanawema mpe salamu zangu nyingi, na watoto uwabusu kwa niaba yetu. Mungu akufikishe salama.

Ni mimi mdogo wako,
Siti binti Mjaka