Tangazo la Watu Watano

Ikonge,
14 Januari 2024

Mwanangu Linet,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi sijambo, mguu haujambo, na sukari inapanda na kushuka inavyotaka, nimeacha kugombana nayo. Ng'ombe amezaa. Majirani wote ni wazima, hata wale ambao ningependa wapate mafua kidogo. Wewe je? Huko Nyanchwa unakula? Sabato iliyopita sauti yako ilikuwa nyembamba, na simu ni ya salamu tu, mtu hawezi kuzungumza humo. Ndiyo maana nimeketi na mashine yangu ya breli, kama tulivyoandikiana tangu ulipokuwa darasa la tatu, nilipokushika kidole nikakufundisha nukta hizi za sisi tusioona ili nipate walau mtu mmoja katika ukoo huu wa kuniandikia bila kupitia macho ya jirani.

Nimesikia umepata kazi katika ofisi ya habari ya kaunti. Nimefurahi na nimeomba. Sasa nisikilize. Ofisi hiyo nimeiandikia barua miaka tisa, na kila barua inaomba kitu kimoja: matangazo yao yanifikie kwa njia ninayoweza kusoma. Sijajibiwa hata moja. Mwaka juzi, wewe unakumbuka, walichimba mtaro mbele ya lango langu. Nikatoka asubuhi kupeleka maziwa barabarani kama siku zote, nikaingia ndani yake, mguu ukavunjika. Nilipouliza kwa nini sikuambiwa, kijana mmoja alinijibu kwa heshima kabisa kwamba tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu mwezi mzima.

Sikuombi upendeleo. Nakuomba useme mle ndani yale ambayo nimekuwa nikiyasema nje, maana wewe watakusikia. Nikipata tangazo moja tu mkononi mwangu, nilisome mwenyewe kabla ya jambo kutokea, nitanyamaza nizeeke kwa amani.

Ubaki salama.
Shangazi yako,
Loice


Nyanchwa,
Ijumaa, 1 Machi 2024

Mpendwa Shangazi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na ndama ameacha kukusumbua. Mimi niko salama na ninakula. Tafadhali usinitumie ndizi tena. Zile za mwisho ziliiva zote siku moja, nikagawia jengo zima.

Nina habari. Bwana Ondieki, mkuu wetu, amekubali. Nimemsumbua wiki sita hadi akawa akiniona anajifanya anaongea na simu. Tarehe 21 mwezi huu, Alhamisi, saa nne asubuhi, kutakuwa na mkutano katika ukumbi wa kaunti, na ajenda ni moja: watu wenye ulemavu waseme wanataka habari za kaunti ziwafikie vipi. Amesema tuanze na jaribio. Tumepata majina ya watu watano wanaosoma breli, wewe ukiwa wa kwanza, na kila mmoja atapata tangazo lake la breli. Mkija, breli inaingia kwenye mpango na kwenye bajeti. Msipokuja, anasema, tutajua kwamba haja haipo.

Nimeazima mashine ya shule moja nikapiga nakala zote tano mwenyewe, hadi mabega yakauma. Karatasi nzito ya breli hatuna ofisini, nimetumia ya fotokopi, nayo imejikunja pembeni. Sitaki ziwafikie zikiwa hivyo kama kazi ya mtu mvivu. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba barua chafu ni matusi. Kwa hiyo nikifunga ofisi leo nitazilaza zote, pamoja na barua hii, chini ya rimu za karatasi hadi Jumatatu zinyooke, kisha dereva azisambaze.

Nimekutengea kiti cha mbele. Nataka uwe wa kwanza kuongea, na uongee kwa ile sauti unayotumia kumfukuzia mbuzi wa jirani.

Mwanao,
Linet


Ikonge,
12 Machi 2024

Mpendwa Linet,

Salamu. Mimi ni mzima. Anayeniandikia kwa kalamu ni Nyanchera, mke wa jirani, maana mashine yangu imekwama na fundi hajapatikana. Bahasha yako imefika. Dereva aliileta hadi mlangoni, ana adabu. Karatasi nimezipokea. Umefanya kazi nzuri, asante kwa kunikumbuka.

Kuanzia sasa niandikie kwa kalamu ya kawaida. Nyanchera ana sauti nzuri ya kusoma.

Ubarikiwe.
Shangazi yako,
Loice


Nyanchwa,
28 Machi 2024

Shangazi,

Salamu. Natumaini u mzima. Mimi nipo.

Nimekaa wiki nzima nikingoja hasira ipungue, na haikupungua vya kutosha. Alhamisi ile kiti chako kilikaa kitupu tangu saa nne hadi saa saba. Viti vyote vitano vilikaa vitupu. Bwana Ondieki aliniuliza mbele ya watu, "Madam, hao wasomaji wako wako wapi?" Nilitoka nje nikakupigia simu mara nne, ikaita tu. Viziwi walikuja, wenye viti vya magurudumu walikuja, wakasema yao na yakaandikwa. Breli haikutajwa, kwa sababu hakuna anayeisoma aliyekuwepo.

Niliagizwa niandike ripoti, nami nimeandika kilichotokea. Watano walipelekewa tangazo, mmoja alithibitisha kwamba amelipokea, hakuna aliyefika, kwa hiyo haja ya breli haikuonekana. Imetiwa sahihi na breli imeondolewa kwenye mpango.

Miaka tisa, Shangazi. Umewapigia kelele miaka tisa, na siku walipotaka kukusikiliza hukutoka nyumbani. Kama ulikuwa mgonjwa ungesema. Kama ulibadili nia ungeniambia, nisisimame pale kama mjinga. Sijui nilikukosea nini.

Linet


Ikonge,
20 Aprili 2024

Mwanangu Linet,

Salamu. Barua yako nimesomewa. Kuna mahali Nyanchera alisita, nikamwambia asiruke kitu.

Una haki ya kukasirika. Sikuja, na sababu nitakaa nayo mwenyewe. Mashine yangu nimeipeleka shuleni, wapo watoto watakaoitumia. Vitabu vyangu vya breli pia nimewapa.

Nisamehe kwa aibu niliyokuletea mbele ya mkubwa wako.

Shangazi yako,
Loice


Nyanchwa,
19 Novemba 2024

Dada Nyanchera, salamu. Haya machache nimeyaandika kwa kalamu ili uyasome wewe. Barua iliyo ndani ya boksi ni ya breli. Tafadhali mpe Shangazi mkononi, umwambie ajaribu mstari wa kwanza tu. Atakataa. Msumbue.

Shangazi, kama unasoma mstari huu, vidole vyako ni vizima.

Nisamehe kwa kuanza bila salamu. Jana aliingia ofisini Kwamboka, mwalimu kijana, mmoja wa wale watano niliowapelekea tangazo. Katika mkutano wa chama chao mtu aliwasomea ripoti yangu, akasikia kwamba wasioona hawakuonyesha haja, akaja moja kwa moja. Alikuwa amelihifadhi lile tangazo. Akaliweka mezani, akatafuta mkono wangu, akakipitisha kidole changu juu yake. Hakukuwa na kitu. Akaniuliza, "Madam, nani alilalia barua zetu? Mimi nilidhani mmeniletea karatasi tupu mseme mmefanya kazi." Yeye ni kijana, hakuvishuku vidole vyake hata dakika moja.

Niliziwekea rimu kumi, siku tatu. Nukta zote zililala. Na mimi, uliyenifundisha kwa kunishika kidole, sikuzigusa hata mara moja kabla ya kufunga bahasha. Nilitazama kwa macho nikaona zimenyooka, nikaridhika. Barua yangu ilikuwa humo humo nayo ikalala. Hukujua siku, wala saa, wala kwamba kulikuwa na mkutano.

Nimezitoa barua zako nikazisoma upya. Mashine iliyokwama, kisha mashine hiyo hiyo ikapelekwa shuleni. Na sukari, inayotia vidole ganzi. Nilikuwa na kila kitu mbele yangu na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na kuona haya mbele ya Bwana Ondieki. Nimekufanya uamini kwamba vidole vimekufa, nikakulaumu kwa hilo, kisha nikaliandika kwenye ripoti na kutia jina langu. Ningekuja mwenyewe, Ikonge si mbali, lakini sina uso wa kukuletea bado.

Hii nimeitoboa kwenye karatasi nzito, na nimeisoma yote kwa kidole huku nimefumba macho.

Natumaini u mzima.
Mwanao, kama bado unanikubali,
Linet


Ikonge,
2 Desemba 2024

Mwanangu Linet,

Salamu. Mimi ni mzima, na wewe ni mwanangu, hilo tuliondoe njiani kwanza. Naandika kwa kibao changu cha zamani cha breli na sindano yake ya kutobolea, nukta moja moja, kwa hiyo uvumilie makosa.

Nyanchera alinikuta nikichambua maharagwe. Nilikataa kuigusa barua yako. Akanishika mkono akauweka juu yake kwa nguvu, na yule mwanamke ana mikono ya kukamua. Nilisoma mstari wa kwanza. Nikausoma tena. Nikamwambia aende kwake aniache.

Sasa nitakuambia nilichopaswa kukuambia mwezi wa tatu. Bahasha ile ilipofika nilibadilisha nguo kwanza ndipo nikaifungua. Nikapitisha vidole, hakuna kitu. Nikanawa mikono kwa maji ya moto nikarudia, hakuna kitu. Daktari alikuwa amenionya kwamba sukari ikiendelea vidole vitakufa ganzi, nikasema basi, siku imefika, na imechagua kufika leo. Nikachukua Zaburi zangu za breli nijipime. Lakini Zaburi zile nazijua kwa moyo, na kitabu kimechakaa, nikashindwa kujua kama nasoma au nakumbuka. Baada ya hapo niliogopa kujipima kwa kitu kingine. Miezi minane sikugusa neno lolote.

Na ningemwambia nani? Mimi niliyewapigia kelele waniletee breli, niwaambie wamechelewa? Ni kiburi, Linet, sina jina lingine la kukiita. Ningekwambia kwenye simu, "Sipati kitu kwenye karatasi hii," ungeikagua siku hiyo hiyo, na mkutano ulikuwa bado siku tisa. Kuzilalia ni kosa lako. Kunyamaza ni kosa langu, na mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima.

Mashine sitaidai. Kuna msichana wa darasa la nne anaitumia. Nilikwenda juzi kumsikiliza, anaibonyeza haraka kuliko nilivyowahi kuibonyeza mimi. Lakini naitaka, sitakudanganya.

Sasa acha kuniomba msamaha, ulishaupata. Tangazo lilikuwa la watu watano. Kwamboka amejua, na mimi nimejua. Wapo watatu ambao hadi leo wameketi nyumbani wakiamini nilichoamini. Waandikie. Na usimtume dereva, nenda mwenyewe.

Shangazi yako,
Loice


Nyanchwa,
22 Desemba 2024

Mpendwa Shangazi,

Natumaini u mzima na baridi imepungua. Mimi ni mzima. Nimefanya ulivyoniagiza, na nakuandikia kabla sijashawishika kukuficha mengine.

Ripoti ya pili nimeiandika, nimesema kosa lilikuwa langu na namna lilivyotokea. Bwana Ondieki aliisoma yote mbele yangu. Akasema bajeti ya mwaka huu imeshapita, tutaona mwaka ujao wa fedha. Hakupandisha sauti. Heri angepandisha.

Mulki, yule anayeuza vitambaa mjini, aliisoma barua mara mbili akiwa amesimama. Alisema alidhani ni kazi ya kushika vitambaa miaka yote iliyomharibu vidole, akacheka, kisha akaacha kucheka akaniomba nimpishe ahudumie wateja. Mzee Ochoki alisoma polepole hadi mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakuniuliza kitu na hakunikaribisha kuketi.

Wa tatu alikuwa Mzee Onsongo wa Ekerenyo. Alizikwa mwezi wa nane.

Mkewe alinipa chai. Nilimweleza nilichojia, na sikujificha popote. Alisema siku ile dereva alipoleta bahasha, mzee alikaa na karatasi ile mapajani tangu mchana hadi ng'ombe wakarudi. Kisha akamwita akamwambia, "Mimi sasa nimemaliza." Tangu hapo mkewe ndiye aliyemsomea Biblia jioni, naye hakusoma vizuri, na mzee hakuwahi kumsahihisha, jambo ambalo si kawaida yake. Alikufa kwa presha, akasema, nisije nikajibebesha na hilo pia.

Nilimpa barua. Akapitisha kiganja juu ya nukta, akaniambia nimsomee, nikamsomea. Halafu akauliza ile karatasi ya kwanza, ile iliyolala, ilikuwa imeandikwa nini.

Nikamwambia ilikuwa inamwita kwenye mkutano, aje aseme yeye mwenyewe anataka habari za kaunti zimfikie vipi.

Aliangalia migomba, kisha akasema, "Kwa hilo angekuja."

Mwanao,
Linet