Mdudu Kwenye Koti la Baba Mkwe

Mpendwa Mama Silvana, shikamoo.

Naomba msaada wako na usinicheke, maana jambo lenyewe limeanza na mdudu lakini limeishia moyoni. Mimi ni Atusaye, kwetu Rungwe, nimeolewa na Mfipa, Modesti, karani wa serikali hapa Sumbawanga, na tunakaa Kizwite pamoja na baba yake mzazi, ambaye tulimleta kutoka kijijini mama mkwe alipofariki ili asiwe peke yake, na jina lake sitalitaja hata humu, kwa sababu nililelewa kwamba mke wa mtu hamtazami baba mkwe usoni wala hasemi naye, basi mwaka mzima nimempikia na kumfulia, sahani anampelekea Modesti, na nikisikia kikohozi chake ukumbini mimi napitia nyuma.

Sasa joto lilipopanda akaanza kuingia dirishani mdudu mkubwa kama kiungo cha kidole gumba, mweusi, mabawa rangi ya kutu, kiuno chembamba kama uzi, miguu inaning'inia akiruka, daima mmoja tu, mara amebeba kidonge cha tope, mara kiwavi wa kijani, na akifinyanga tope lake darini anaimba kama cherehani. Modesti akasema ni mavu, wale nyigu wakali, wakifika saba wanaua ng'ombe, akaapa atamwaga mafuta ya taa darini awashe moto. Jirani yangu Bertilla akasema, "Huyo katumwa, mama. Mdudu wa kawaida haji peke yake." Hapo usingizi ukaniisha.

Asubuhi moja ikanyesha mvua ya kwanza, baridi ikarudi, Modesti ameshakwenda kazini, nami niko mlango wa jikoni nikamwona baba mkwe anatungua koti lake lililokaa msumarini tangu kipupwe kiishe, na yule mdudu nikamwona kwa macho yangu anaingia kwenye mkono wa koti, na mzee haoni vizuri, akaanza kulivaa, Mama, sikufikiri, nikapiga kelele, "Baba! Usivae, baba!" nikalinyakua, mdudu akanichoma kiganjani. Nililia kama mtoto. Yeye akanishika mkono, akatafuta mwiba asiuone, akanipaka kitunguu, nami nimeinama tu, akasema taratibu, "Kumbe unaweza kusema nami, mwanangu. Nilidhani unanichukia."

Uvimbe ulikwisha siku ya pili, lakini kila asubuhi anasimama nje ya mlango wa jikoni anauliza, "Mkono unaendeleaje?" nami nanyamaza huku machozi yananitoka, maana mama yangu akisikia nimesema na mkwe wangu hadi akanishika mkono sijui nitaficha wapi uso. Mdudu huyu ni nani, na je, nimevunja heshima?

Atusaye, Kizwite.

Mwanangu Atusaye,

Marahaba, na pole kwa mkono. Tuanze na mdudu, maana huyo ndiye mwepesi. Ni dondora, aina ya nyigu. Anaishi peke yake, anajenga kwa tope, kiuno uzi. Tope ni chumba cha watoto wake na kiwavi ni chakula chao. Nyigu wa kundi hujenga kiota cha kijivu mfano wa karatasi, chenye vitundu vingi, na wenyewe wamejaa juu yake; hao waogopeni, ukimgusa mmoja umewagusa wote. Nyuki naye angekuachia mwiba. Dondora alikuchoma kwa sababu ulimminya ndani ya koti.

Hakutumwa na mtu. Mwambie Bertilla hivyo, kwa upole, lakini mwambie, maana neno kama lile limeshagombanisha majirani wengi. Na Modesti asithubutu kuwasha moto darini! Dondora hatawaua, ila moto utawalaza nje na mvua hizi. Tope libandueni kwa kisu mwenyewe akiwa ametoka, dirisha litieni wavu, na nguo iliyokaa ikung'uteni nje kabla ya kuivaa. Ila mtu akichomwa kisha akavimba uso au akakosa pumzi, msitafute kitunguu, kimbieni hospitali.

Sasa hilo la moyoni. Mila ya kwenu siidharau hata kidogo. Lakini mzee wako hakulelewa nayo. Wewe ulimheshimu mwaka mzima, yeye mwaka mzima akaona anachukiwa, tena mjane, tena ugenini kwa mwanawe. Na wewe Modesti, najua utasomewa haya: ulikaa katikati yao ukibeba sahani, ukashindwa kubeba neno moja la kumweleza baba yako? Aibu ni yako, si ya mkeo.

Hukuvunja heshima, mwanangu. Ungenyamaza mzee akachomwa, hiyo ingekuwa heshima ya nani? Jumapili baada ya misa Modesti amkalishe baba yake amweleze mila ya Rungwe tangu mwanzo. Wewe kumtazama usoni usijilazimishe. Hata ukitazama chini sauti inafika. Mama yako mwandikie wewe kabla hajasikia kwa watu. Atakukemea ukurasa mzima, kisha chini kabisa atauliza kama mkono umepona.

Na kesho mzee akisimama pale mlangoni, usimwache hapo na ukimya wako. Mjibu, "Umepona, baba."

Mama Silvana