Nyange, Nipe Kucha Nyeupe

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Butere tuko wazima. Babu yako amepona kikohozi na amerudia ubishi wake. Umeniuliza kutoka Riyadh ufanye nini, maana watoto wa madam wako hawakuzoei.

Mimi nilipofanya kazi pale Nuzha, Jeddah, nililea watoto wa madam wangu, Rima na kaka yake. Mwanzoni walikuwa wakiniona wanakimbia. Halafu ikaja baridi, ile baridi yao ya sweta moja, tukawa tunapanda juu ya paa na darubini ya baba yao kutazama ndege. Jioni moja nyange wakapita, weupe pe. Nikasahau niko kwa watu! Nikawachezeshea nyange vidole kama tulivyofanya utotoni, ili watuachie alama nyeupe kwenye kucha. Nikaimba, "Nyange, nipe kucha nyeupe!" Watoto nao wakanyoosha vidole, wakaimba kwa kelele.

Kugeuka, madam yuko kwenye mlango wa paa. Kule wimbo usioeleweka unaweza kuitwa uchawi. Nikaficha vidole mgongoni.

"Mama, wamenipa!" Rima akamwonyesha kialama cheupe kwenye kidole gumba.

Madam akakitazama, kisha akatazama kucha zake mwenyewe. "Yalla, haya," akaniambia, "nifundishe kabla hawajaenda mbali."

Hayo tu ndiyo ninayoyajua, mama. Jana nyange wamepita hapa kwetu, nikawanyooshea vidole, babu yako akanicheka nusura kikohozi kimrudie. Niliomba kwa niaba yako. Hebu tazama kucha zako.

Kukhu wako