Miwani ya Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mkwe kaja na miwani. Si moja — mbili! Zote zina akili, anasema. Basi leo kuna kilichoingia na akili mlangoni pangu.

Ameviweka visanduku juu ya meza ya kukatia, juu ya hariri ya mteja, kama anapanga bidhaa sokoni. Duka la rafiki yake limemwazima wiki hii nijaribu. Jumamosi nichague ya kuvaa kila siku, nyingine irudi. Lenzi zimekatwa kwa kipimo cha macho yangu, kipimo kampa binti yangu. Huyo ndiye aliyemwambia kwamba mama haoni tena tundu la sindano. Na bwana huyu, badala ya kuniletea taa nzuri kama mtu mwenye busara, kaleta mitambo.

Nyeusi inapiga picha na kuongea sikioni. Ya kahawia haina kamera, ila inaandika maneno kwenye kioo: saa, ujumbe, nani anapiga simu. Alieleza mengi. Kitufe fulani, kitaa fulani. Sikumsikiliza, nilikuwa natazama viatu vyake. Mwanamume mzima, viatu vyeupe kama nesi! Debe tupu haliachi kuvuma.

Alitaka kuziunganisha na simu yangu. Nikakataa. Simu yangu si jaa la takataka, unganisha na yako. Akasema, lakini mama, kila kitu kitakuja kwangu. Nikamwambia na kije. Akabonyezabonyeza, akaaga kwa adabu zake zile za kujikomba.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kahawia. Upuuzi mtupu! Inabana pua kama kibanio cha kuanikia nguo. Nimepiga magoti napinda pindo la mke wa daktari wa meno, pini mdomoni, mara kioo kinaandika: "Leo mpira tunaangalia kwa nani?" Ujumbe wa mkwe, bila shaka, kutoka kwa wavivu wenzake. Maandishi yalipita katikati ya pindo. Nikamchoma mama wa watu kisigino.

Akapiga kelele kwamba namuua. Nikamwambia asimame wima. Huwa hasimami wima, ndiyo maana magauni yake yanapanda upande mmoja, kisha lawama ni kwa mkasi wangu.

Jumatano, 5 Machi

Nyeusi. Inaniuma kusema, lakini naona. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, nimeuona bila kukunja uso. Nyepesi pia. Ile sauti ya sikioni nimeiambia inyamaze, ikanyamaza mara moja. Kwangu hajapata kutokea mtu mtii hivyo.

Kasoro yake: mkono wa kulia una kijidude juu ya sikio, pale pale ninapochomeka chaki. Fundi gani hachomeki chaki sikioni? Pima kifua, weka alama, chaki sikioni. Pima kiuno, chaki sikioni. Kila nikichomeka, kinalia tik. Kufikia mchana nilishazoea.

Mwalimu mkuu alikuja kupimwa gauni la kuagwa shuleni. Nikafunga mlango, nikashusha pazia, kama siku zote. Huyu havui nguo mbele ya mtu ila mimi. Mgongo mzima ni kovu la moto, toka begani mpaka kiunoni, na shuleni kwake hakuna anayejua. Dada zake wenyewe hajawahi kuwaonyesha tangu lilipopona. Mimi ndiye nimshoneaye kola za juu na kunyamaza.

Akaniuliza, fundi, hicho kitaa kinachowaka usoni pako ni cha nini? Nikamjibu ni betri. Nilijua? Sikujua. Lakini sikuzeeka kwenye kazi hii ili niseme sijui mbele ya mteja. Akaridhika, akanigeuzia mgongo.

Alhamisi, 6 Machi

Wateja kutwa. Tik, tik. Miguu imevimba. Nyeusi inashinda, basi.

Jumamosi, 8 Machi

Mkwe kaja kupokea jibu. Nyeusi, nikamwambia. Akanikumbatia — mimi! Eti alijua nitaipenda. Sijasema naipenda, nimesema inafaa. Akauliza picha zimetokaje, kwa sababu bado hajapata nafasi ya kuangalia, kazi zimembana. Nikamuuliza mimi ni mpiga picha? Kazi zimembana! Mtu anayefanya kazi kitandani na kompyuta tumboni.

Alipoondoka niliifuta meza pale alipoegemea.

Jumapili, 9 Machi

Binti kaja na begi. Macho mekundu, kichwa hakijachanwa.

Asubuhi alichukua simu ya mumewe atafute picha ya mtoto. Akakuta wanawake. Kifua, kiuno, mgongo, nguo za ndani tu, sura hazionekani. Alitazama chache, akashindwa. Hakumwonyesha mumewe hata moja, kaitia simu kwenye begi akaondoka nayo. Mume anaapa hajui anasemwa nini. "Analia, mama! Eti analia!"

Nikaanza kusema yangu. Nilikuwa nayo tayari tangu siku ya posa. Kwamba nilimwonya. Kwamba mwanamume mwenye adabu nyingi hivyo ana anachoficha. Niliyasema kwa raha. Hapa hasomi mtu, acha niandike ukweli: kwa raha kabisa.

Binti akapangusa pua. Akasema mmoja wao ana mgongo umeungua wote. Mtu gani huyo, mama, anatunza picha ya mgongo ulioungua?

Nikatua kikombe chini kwa mikono miwili.

Mgongo ule naujua. Niliupima mimi, mlango umefungwa, pazia limeshuka. Kila chaki ilipokwenda sikioni, picha. Kila mteja tangu Jumatano. Wote wamo ndani ya simu ile, na ni mimi niliyesema na kije.

Nimekuja huku chumba cha kushonea, nimesema natafuta leso. Nyeusi ninayo usoni, bila yake siuoni mstari huu.

Nikisema, binti anarudi kwake leo. Na nikisema, habari itafika kwa mwalimu mkuu. Nitamtazama na macho gani? Nani ataingia tena nyuma ya pazia langu? Nikinyamaza, anaondoka mkwe ambaye sikumtaka tangu mwanzo, nami kesho nashona kama kawaida. Ni rahisi mno. Najiogopa kwa jinsi ilivyo rahisi.

Kuna mtu anagonga. Ni yeye. Hamwiti mkewe, ananiita mimi. "Mama, naomba umwambie mimi si mtu wa mambo hayo. Wewe unanijua, mama. Atakusikiliza wewe."

Binti toka sebuleni anasema nisifungue, nimfukuze huko huko nje, kwa sababu mumewe ananiogopa mimi tu. Ufunguo uko mfukoni mwangu. Anagonga tena, taratibu, kwa adabu. Wote wawili wanasubiri niseme neno, na bado nimekaa.