Sauti za Dede

Korkor,

Kenke iko kwenye sufuria, samaki nimemfunika. Jitahidi ule.

Asubuhi ulinikuta nimeifungua kompyuta, ukasema, "Kazini kompyuta, nyumbani kompyuta, na mtoto tumemzika juzi." Diski ilikuwa inakufa, na sauti za Dede zote nilizomrekodi zimo humo. Nampelekea Nii Armah kule kazini ajaribu yeye. Mimi imenishinda.

Kile kitanda nilichokuwa nikimtengenezea Dede, ~~mpe dada yako~~ kiache hapo kibarazani, usimpe mtu. Bado nataka kukipiga msasa.

Sauti moja niliiwahi. Nimeiweka kwenye simu yako. Isikilize ukiwa umekaa, mke wangu. Anacheka kidogo, halafu anakuita wewe.

Baba Dede