Wa Kusimama Mlangoni

Mjukuu wangu Idi,

Alhamdulillahi, hapa Cibitoke tu wazima. Mama yako anakusalimu. Magoti yangu yanauma mvua ikinyesha. Tangu ujiunge na vijana wanaozima moto huko kwenu Gitega, nikisikia harufu ya moshi nakimbilia simu.

Unauliza kwa nini watu wachange ili wawili kati yenu walipwe, na moto hautokei kila siku.

Nilipokuwa msichana, karakana ya matela, haya magodoro ya kulalia, iliwaka mtaani Mutakura. Tulikimbia wote na ndoo. Kaka yangu Hamadi akaingia kumtafuta mtoto wa fundi. Kumbe mtoto ameshatokea mlango wa nyuma, na wa upande ule walimwona. Lakini kwenye mlango wa mbele hapakuwa na mtu wa kumwita kaka, "Hamadi, toka, mutoto yuko huku!" Nani angekubali kuonekana amesimama bure wakati wenzake wanabeba maji?

Yaliyofuata siyaandiki.

Anayejitolea huona aibu kusimama. Anayelipwa, kusimama mlangoni ndiyo kazi yake, ajue nani yuko ndani na nani ametoka. Wachange.

Wakikataa, uniite mi. Nitakuja na magoti haya haya, nisimame.

Bibi yako,
Mwamini